Kompyuta Iliyonyamaza

Kompyuta ya Mama Ramani ilikuwa inanguruma. Si kuvuma wala kuhema, ni kunguruma hasa, kama mashine ya kusaga iliyolishwa kokoto. Ikishika kazi, vikombe vilitetemeka kabatini, na kuna siku jirani wa chini alipanda ngazi kuja kuuliza kwa heshima zote kama wamefungua kiwanda.

Mama Ramani mwenyewe hakuwa na mtoto bado. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya kazi yake ya kuchora ramani za nyumba, aliyoifanyia palepale sebuleni. Kuchora peke yake hakukuwa na kelele kubwa. Kelele yenyewe ilianza mteja alipotaka kuiona nyumba yake kabla haijajengwa: jua likiingia dirishani, kivuli kikilala barazani, sakafu ikimeta. Hapo kompyuta hupewa mchoro na kuachiwa ihesabu mwanga wote huo kwa saa nyingi mfululizo. Wenye kazi yao huita kupika picha. Na hii ya kwake ikipika, ilipika kweli, maana ungeweza kubandika sufuria juu yake.

Sasa, mumewe alikuwa mwokaji wa mikate, zamu ya usiku. Wenzake wakitoka kwenda kazini asubuhi, yeye ndiyo kwanza anarudi, nyusi nyeupe kwa unga, anaoga, anajitupa kitandani. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, na kati ya viwili hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba ambao ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuombea afya.

"Bibie," mume alizoea kuita kutoka chumbani, "hiyo ndege yako inaruka lini?"

"Ikishajaza abiria," mke alimjibu, na wote wakacheka.

Lakini kicheko nacho huchoka. Mume akaanza kuziba masikio kwa pamba, kisha kujifunika mito miwili, kisha kutoka chumbani mchana macho mekundu kama pilipili. Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Jamani, nyumba hii mtu halali?"

"Na mimi nisifanye kazi?" Mama Ramani naye alikuwa amechelewesha picha za watu, kichwa kinamgonga. "Afadhali hata ukiwa umelala, angalau napumua!"

Mume alirudi ndani, akafunga mlango taratibu.

Siku hiyohiyo Mama Ramani alikata shauri. Angeunda kompyuta nyingine, yenye nguvu kuliko ile, na isiyotoa hata mnong'ono. Sehemu za ndani alizinunua mwenyewe baada ya kusoma na kuulizia sana. Kuziunganisha, mumewe akasema wamwite mdogo wake.

Huyo mdogo mtu walimwita Waya. Kazi yake ilikuwa kufunga redio na taa za madoido kwenye magari ya watu, na hapakuwa na kitu duniani alichokiona kimekamilika kabla hakijawekewa taa. Alikuja na begi la vifaa na boksi zima la feni.

"Shemeji, wewe kaa pembeni unywe chai," alisema, akijipiga kifua. "Hili niachie mimi."

Alizifunga feni zote. Mbele, nyuma, juu, kila palipokuwa na tundu pakapata feni, na kila feni ilikuwa na taa ya rangi yake. Alipowasha, sebule iligeuka ukumbi wa harusi. Kijani kikaifukuza zambarau, zambarau ikaifukuza nyekundu. Halafu ikaja sauti.

"Shemeji, mbona inalia kuliko ya zamani?" Mama Ramani aliuliza, akilazimika kupaza sauti.

"Hiyo ni sauti ya ubaridi!"

Ubaridi wenyewe haukuonekana. Kwenye kioo cha kompyuta kipimo cha joto kilipanda, kikapanda, mpaka kompyuta ikajizima yenyewe kwa kuogopa kuungua. Mlango wa chumbani ukafunguka, mwokaji akatokeza kichwa.

"Waya, mdogo wangu," alisema kwa upole wa mtu asiye na nguvu za kugomba, "ninakupenda kwa sababu tumezaliwa tumbo moja. Kwa leo sina sababu nyingine."

Waya alipoondoka, Mama Ramani alifungua ubavu wa kasha akakaa chini sakafuni kulitazama. Alichana kipande chembamba cha karatasi ya chooni, akakishika mbele ya feni moja baada ya nyingine ili aone kinapepea kwenda wapi. Za mbele zilivuta hewa ndani. Sawa. Za nyuma nazo zilivuta ndani. Za juu zilisukuma chini. Hewa yote ilikuwa inaingia, na haikuonyeshwa njia ya kutokea. Joto lilikuwa limefungiwa mle likizunguka kama watu kwenye mkutano usio na mwenyekiti.

Alicheka peke yake. Mteja angemletea nyumba ya namna hiyo, angemrudishia na kumuuliza nani kamchorea. Nyumba inayopoa yenyewe haina siri kubwa: hewa baridi iingie chini, upande mmoja, ipite ndani bila kugongana na makabati, hewa ya moto itokee juu, upande wa pili. Basi alichukua karatasi akalichora lile kasha kama nyumba, na dari yake na madirisha yake, na mishale ya upepo.

Waya alipoitwa tena alikuja amenuna kidogo, lakini alikuja na msumeno wa chuma. Uzuri wake ni kwamba hakuwa mtu wa kinyongo. Ukimpa kitu cha kukata, kinyongo kinamwishia. Alikata tundu kubwa juu ya kasha akalifunika kwa wavu. Feni zake ndogo zote zikatolewa, na badala yake zikafungwa mbili tu, kubwa kama sahani, moja ikivuta kwa mbele chini, nyingine ikitoa kwa juu.

"Mbili tu, shemeji? Tutaungua!"

"Kubwa inazunguka polepole na hewa ni ileile. Hizo zako ndogo zinakimbia mpaka zinapiga kelele."

Juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, walifunga chuma kizito cha kupozea, chenye mapezi membamba yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Kabla ya kukikandamiza, inabidi kuweka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto. Waya alitaka kuipaka kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Mama Ramani akamnyang'anya kichupa na kuweka tone moja, kiasi cha punje ya dengu. Diski ya zamani, yenye kumbukumbu za kazi zake zote, ilikuwa na tabia ya kutetemesha chuma ilichofungiwa. Hiyo waliitundika kwa lastiki iliyochomolewa kwenye pajama kuukuu la mume, ikawa inaning'inia katikati bila kugusa kitu, kama mtu kwenye bembea.

Si kwamba Mama Ramani naye hakukosea. Alipata wazo la kutandika sponji la godoro kuta zote za ndani, ili limeze sauti. Lilimeza sauti, likameza na upepo; kompyuta ikawa kama mtu aliyevalishwa sweta mchana wa jua kali. Ikabidi kubandua karibu lote na kubakiza milango ya ubavuni tu, mbali na njia ya hewa. Siku mbili tatu zilipotea hivyo, gundi kwenye kucha, na Waya akipata nafasi yake ya kusema, "Mimi sisemi kitu, shemeji."

Hatimaye wakafunga kila kitu. Mama Ramani akabonyeza kitufe. Kimya.

"Haijawaka," alisema Waya.

"Imewaka."

"Haijawaka, shemeji, usinitanie."

Kioo kikang'aa mbele yao. Waya akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa kasha, kisha mkono juu ya wavu, ambako hewa vuguvugu ilikuwa inatoka taratibu kama pumzi ya mtoto aliyelala. Alipoaga alisahau hata begi lake.

Asubuhi iliyofuata mume alirudi, akaoga, akalala. Mama Ramani akaanza kupika picha ya zahanati ya mteja mmoja. Ilikuwa ajabu. Alisikia bomba likidondosha maji jikoni. Alisikia jirani akikatakata vitunguu. Alisikia kiti chake mwenyewe kikilalamika, kumbe miaka yote kililalamika. Kisha, kupitia ule ukuta wa mbao, akasikia sauti ya mume wake ikiamrisha:

"Toa trei hiyo! Itoe, inaungua!"

Aliruka, akachungulia chumbani. Mume alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Mama Ramani alirudi kwenye kiti akajiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Wameoana muda wote huo na hakujua kwamba mtu huyu huongea usingizini! Ikawa burudani yake. Mume alikemea hamira. Aliusifia mkate mmoja kwa maneno ambayo yeye mkewe hajawahi kusifiwa. Aligombana na mtu fulani juu ya ndoo.

Kisha siku moja, katikati ya kimya, sauti ikashuka, ikawa ya chini na ya wasiwasi.

"Hapana, mkuu. Mke wangu asiambiwe." Akageuka, kitanda kikalia. "Hajui. Bora asijue."

Kicheko kilimkauka mkewe mdomoni. Alingoja neno jingine, halikuja. Siku hiyo hakuchora mstari hata mmoja ulionyooka. Asiambiwe nini? Amefukuzwa kazi? Anaumwa? Au kuna mwanamke? Alimpigia Waya simu, akazunguka mbuyu kwanza na salamu ndefu, halafu akauliza kaka yake ana nini siku hizi.

"Kaka?" Waya alicheka. "Yule hata karanga mfukoni hawezi kuzificha, shemeji. Kwani vipi?"

"Hakuna. Begi lako lipo huku."

Mchana, mume alipoamka na kukaa mezani, alimwandalia chakula, akakaa mkabala naye, akamwangalia akila. Akapiga moyo konde.

"Unajua unaongea usingizini?"

"Mimi? Tangu lini?"

"Tangu kompyuta iliponyamaza ndiyo nimekusikia. Mkeo asiambiwe nini?"

Kijiko kilisimama njiani kati ya sahani na mdomo. Mume alikirudisha polepole.

"Wamenipa zamu ya asubuhi," alisema. "Niwe msimamizi. Naingia alfajiri, mchana niko nyumbani, usiku nalala kama watu."

"Na hiyo ndiyo habari mbaya?"

"Nimewaambia wanipe muda kwanza."

"Muda wa nini?"

Mume alianza kukusanya makombo ya mezani kwa kidole, akiyapanga mstari. "Si wewe ulisema? Afadhali nikiwa nimelala, angalau unapumua. Sasa nikiwa macho kutwa nzima, na nyumba yenyewe chumba na sebule, utapumulia wapi?"

Mama Ramani alitafuta kichwani hayo maneno aliyasema lini. Ilimchukua muda kuyakumbuka, na alipoyakumbuka aliona uso unamchoma. Yeye aliyatupa, yakamponyoka na kelele za siku ile. Mwenzake aliyaokota akatembea nayo.

"Nilikuwa nimechoka," alisema. "Kichwa kilikuwa kinaniuma, mashine inanguruma, mteja anapiga simu. Wewe ukayabeba hayo maneno mpaka kazini?"

"Yalikuwa mepesi kubeba. Mafupi."

"Basi yatupe. Zamu hiyo kaichukue, leo hii."

"Mimi napiga mluzi nikiwa macho."

"Najua."

"Na nitauliza maswali. Hii nini, ile nini."

"Uliza." Akafikiri kidogo. "Kwa kiasi."

Mume alicheka, kicheko cha zamani, na chakula kikaisha sahani safi.

Siku ya kwanza ya zamu mpya mwokaji alirudi mchana kweupe, amechangamka kama mtu aliyerudi toka safari. Alipiga mluzi bafuni. Aliuliza kwa nini zahanati ina milango miwili. Aliuliza kama mti ule kwenye picha ni wa kweli. Mama Ramani akampa majibu, akazima kioo ili picha ijipike kwa utulivu, akachukua beseni la nguo na kupanda juu ya paa kuanika.

Aliporudi alikaribishwa na harufu ya pasi ya moto. Mume alikuwa amesimama kifua wazi, ananyoosha shati kwa ustadi mkubwa.

Macho ya Mama Ramani yalifuata waya wa pasi mpaka ukutani.

"Umechomoa nini hapo?"

"Kompyuta yako. Si ilikuwa imezimwa?"

"Ilikuwa inapika!"

Mume alimtazama yeye, akalitazama kasha, akaishusha pasi. "Inapika, bila sauti, bila taa, bila chochote? Sasa mimi ningejuaje? Hata mkate ukiiva unatoa harufu!"

Mama Ramani alifungua mdomo amfokee. Picha ilikuwa inahitajika kesho yake, na kazi ya tangu asubuhi yote ilikuwa imeyeyuka. Lakini alimwona vile alivyosimama, kifua wazi, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na badala ya ukali kikamtoka kicheko. Alicheka mpaka akaketi chini. Mume alingoja kidogo kuhakikisha ni kicheko cha salama, ndipo naye akajiunga.

Alichomeka upya, akaianzisha picha toka mwanzo. Itamaliza usiku. Zamani angelazimika kukaa pembeni, madirisha wazi, akiipepea kwa gazeti isije ikazima. Sasa alitazama joto kwenye kioo: limetulia, wala halina habari na mtu.

"Malizia shati lako ulivae," alimwambia mumewe.

"Tunaenda wapi?"

"Sijui. Nje."

Wakatoka. Jua lilikuwa bado juu, maduka wazi, na hawakukumbuka lini mara ya mwisho walitembea pamoja saa kama ile, hana haraka huyu, hana usingizi huyu. Walipofika kona ya pili mwokaji alipiga mwayo mkubwa wa kuonyesha mpaka magego. Mwili wake ulikuwa bado unaamini ni saa ya kulala. Mama Ramani akamshika mkono, akamvutia upande wenye kivuli, na wakaendelea mbele.