Kisanduku cha Tano

Sampuli zikiingia maabara kwetu hazina jina. Zina namba iliyogongwa kwenye kona, basi. Anayevuta chuma kwa mashine kupima nguvu yake hatakiwi kumjua fundi aliyekiunga, asije akamwonea au akambeba. Akimjua, anasema, kisha anakaa pembeni.

Asubuhi ile zililetwa sampuli nane. Kila moja ilikuwa vipande viwili vya bamba la chuma, unene milimita kumi, vilivyounganishwa kwa mshono mmoja. Zilikuwa za mafundi wanane walioomba kibali cha kuchomelea daraja la waenda kwa miguu juu ya reli. Niliigeuza sampuli namba moja, nikatazama mwisho wa mshono, nikairudisha mezani.

Mafundi wengi wakifika mwisho huinua mkono tu, wakaacha kishimo, na ufa hupenda kuanzia hapo. Huyu alikuwa amerudi nyuma upana wa kidole akamalizia kwa duara dogo, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Duara hilo liko kwenye nondo za madirisha ya nyumbani, kwenye geti, na kwenye miguu ya kitanda nilicholalia tangu nina miaka minne.

"Mkuu," nilimwambia mkuu wa maabara, "namba moja ni ya baba yangu."

"Amekwambia?"

"Hapana. Nimeona anavyomaliza."

Mwenzangu tunayemwita Nukta, kwa kuwa hajawahi kukubali jibu lisilo na desimali, alicheka. "Wenzetu bwana! Mimi baba yangu hata akipiga simu namuuliza nani mwenzangu."

"Nukta utavuta wewe," mkuu alisema. "Na wewe, nyuma ya mstari."

Mstari wenyewe ni wa njano, umechorwa sakafuni mita mbili kutoka kwenye mashine. Nikasimama nyuma yake.

Baba ana miaka sitini na mmoja. Amechomelea kwa miaka arobaini bila karatasi yoyote. Mwezi uliotangulia, msimamizi wa daraja alimwambia, "Mzee, siku hizi mkono hautoshi. Lete kibali." Jaribio ni moja, ukianguka, unasubiri mwaka mzima. Baba alitueleza hayo mezani, akaongeza, "Mwaka mmoja kwa macho haya ni mwingi." Mama akamwambia aache uchuro, ale. Lakini sote tulikuwa tumeona anavyouweka uzi mbali na uso anapotunga sindano.

Nukta alikata ncha za mshono zinazotupwa, akachonga ukanda wa milimita ishirini, akasaga mshono mpaka ukawa sawa na bamba. Akapima mara tatu. Mashine ikaushika ukanda juu na chini, ikaanza kuvuta. Kiwango kinachotakiwa ni nyutoni 410 kwa kila milimita ya mraba. Ukanda ulirefuka, ukatengeneza shingo, ukakatika kwa mlio ambao wageni hufikiri ni bunduki.

"Mia tatu hamsini na tano nukta mbili," Nukta alisema. Safari hii hakucheka.

Mkuu alivuta fomu. Hana dogo, lakini pia hana chuki. Kwake namba ni namba. Aliandika 355.2 na kushika muhuri wa HAIKUFAULU.

Hapo nilipaswa kunyamaza. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe, kwa kinywa changu. Lakini kutoka nyuma ya mstari nilikuwa naona vile vipande viwili, na mshono ulikuwa mzima kwenye kimoja, haujaguswa.

"Mkuu, kisanduku cha tano," nilisema.

"Umekaa pembeni. Kaa pembeni."

"Nimekaa. Nasema kisanduku cha tano kiko wazi."

Kisanduku cha tano kwenye fomu yetu kinauliza: *Imekatika wapi?* Kwa miaka sita nimekuwa nikichora kistari hapo. Nukta pia. Namba ikipita, nani ana haja na mahali? Uzembe huo ulikuwa wetu sote, na siwezi kusema ningeuona kama sampuli ingekuwa ya mtu baki.

Mkuu aliweka muhuri chini. "Nukta. Pima."

Nukta alilaza kalipa yake ya kupimia. "Milimita thelathini na nane kutoka kwenye mshono. Nukta sita."

"Kwa hiyo kimekatika chuma," nilisema, "si kiungo. Kuna mabaki ya bamba lile lile, halijachomelewa. Livutwe tupu. Likifika mia nne na kumi, gonga muhuri wako, sitafungua mdomo."

Mkuu alinigeukia. "Unajua unachokisema? Likishindwa, ni chuma chote cha daraja."

"Najua."

"Vuta," akamwambia Nukta.

Bamba tupu lilikatika kwenye 353.9. La pili, 354.4. Cheti cha kiwanda kilichokuja na mabamba hayo kilidai 430. Mkuu alisoma cheti na namba zetu mara mbili, akavua miwani, akapiga simu kwa mjenzi, akasema shehena yote isimame. Kisha akajaza kisanduku cha tano kwa mkono wake.

Mabamba mapya yalikuja baada ya wiki mbili, na safari hii tuliyapima kabla ya kumpa fundi yeyote. Wanane wote walirudia. Wawili walikatika kwenye mshono. Baba alikatika mbali na mshono, kwenye 447.3, aliyevuta akiwa Nukta, mimi nikiwa nyuma ya mstari.

Alikuja mwenyewe kuchukua kibali, na shati la kutokea. Nilimwonyesha ukanda uliokatika. Akaupitisha kidole gumba polepole pale palipokuwa na mshono.

"Nani alivuta?"

"Nukta."

"Na wewe?"

"Nilijitoa. Nilishajua ni wako."

"Ulijuaje?"

"Kwa kile kifungo chako."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe ningekuwa mwizi ningekamatwa siku ya kwanza!" Kisha akaikunja fomu ya majibu niliyompa, akaikunjua, akaisogeza mbali na uso, mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

"Mama," aliniambia, kama anavyoniita tangu utotoni, "nisomee hapa. Miwani nimeacha."

Baba hana miwani. Nilisoma: "Kisanduku cha tano. Imekatika wapi? Kwenye chuma, milimita arobaini na moja nje ya mshono. Mshono mzima."

"Tena."

Nikasoma tena. Nukta aliinua kichwa kutoka kwenye mashine. "Arobaini na moja nukta mbili," alisema.

"Umesikia?" Baba aliniambia. "Na nukta zake. Soma vizuri."

Nikasoma mara ya tatu, na nukta zake.