Uzi wa Saba

Usiku wa jana niliota niko darasani, kwenye masomo yangu ya jioni ya umeme, lakini nje ni saa nne asubuhi na hakuna anayeshangaa. Mwanangu Tumsifu, wa miezi tisa, amekaa dawati la mbele na kalamu sikioni. Kwenye kiti cha Mwalimu Kihwele amekaa lagi.

Kwa asiyeijua, lagi ni kile kichwa cha shaba kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Upande mmoja ni mrija wa kuingizia waya, upande wa pili ni pete ya kupitishia skrubu. Hii ya ndotoni ilikuwa na kimo cha mtu mzima, imepakwa bati mwili mzima, na ile pete ndiyo jicho lake.

"Shikamoo," nikaiambia.

"Marahaba, Mama Tumsifu. Lete kazi yako ya jana."

Nikalishika pindo la kanga yangu. Maana hili si la ndotoni: jana nilipewa waya wa nyuzi saba, ukakataa kuingia kwenye mrija. Nikaangalia huku na huku, nikakata uzi mmoja, waya ukapita, nikabana. Mwalimu akavuta, haukuchomoka, akasema, "Safi, mama." Nikaifunga ile lagi kwenye pindo la kanga, nikarudi nayo nyumbani bila furaha.

Sasa lagi kubwa inaisogeza ile ndogo jichoni mwangu. "Tundu hili la ubavuni ni la nini?"

"La kuchungulia kama waya umefika mwisho."

"Chungulia."

Nachungulia. Ndani ni chumba changu cha Kihonda. Kitanda kipo. Beseni la Tumsifu lipo. Chini ya kitanda hakuna buti za Baba Tumsifu.

"Ziko wapi?"

"Nimezipeleka stoo kwa mama mwenye nyumba. Chumba ni kidogo."

"Chumba kidogo, ukakata mmoja."

"Sijamkata! Mume wangu Erasto yuko Mpanda, anachimba visima. Mwezi wa saba huu tangu aondoke. Hata kunipigia mpaka apande kilima kutafuta mtandao, na wiki tatu hizi hajapanda."

"Mrija ndio hutafutwa kwa kufuata waya," lagi inasema, kwa upole wa nesi wa kliniki. "Waya haupunguzwi ili uenee mrijani. Ukikata mmoja, waliobaki hubeba mzigo wake. Hupata moto."

Nikamgusa Tumsifu. Alikuwa anafuka moshi kidogo masikioni, bila kulia.

"Nifanyeje?"

"Kamchukue."

Hapo hapo darasa ni stendi ya Msamvu, siku aliyoondoka. Erasto ana begi lake la bluu. Ananikumbatia, na nyuma yetu limesimama koleo la kubania, refu kama lango.

"Ninyi mlibana nusu," koleo linasema.

"Kondakta alikuwa anapiga kelele," Erasto anajitetea. "Basi linaondoka, ningefanyaje?"

"Mimi nina meno saba humu ndani. Nikianza kubana siachii mpaka la mwisho. Ninyi mliachiana kwenye la pili."

Koleo likatubana. Jino la tatu, nikasikia harufu ya sabuni yake ya mche. La nne.

"Umekonda," akasema.

"Wewe je? Mwanao ameota meno mawili."

"Ya juu au ya chini?"

"Ya chini."

Akacheka kama mtu aliyeletewa barua. La tano. La sita. La saba likalia tak, koleo likaachia.

Erasto akawa uzi. Mwembamba, wa shaba, unatoka mkononi mwangu, unapita juu ya mabasi kuelekea Mpanda.

"Vuta tujaribu," ikasema lagi, ambayo sasa imekaa kwenye benchi la abiria.

"Akichomoka je?"

"Kibano kizuri hakichomoki. Ukizidisha kuvuta, waya hukatika kwanza."

"Sitaki akatike."

"Basi usivute kwa hasira."

Nikavuta taratibu, kama ninavyomvutia mtoto shuka. Nikangoja. Kutoka mbali sana nami nikavutwa, mara mbili.

Lagi ikaandika kwenye daftari.

"Nimefaulu?"

"Bado. Mwalimu hajui ulichokata. Mwambie."

"Na yeye, atarudi?"

Ikaniangalia kwa lile jicho. Kupitia humo niliona mawingu.

"Mimi ni lagi, mama. Kazi yangu ni kushika tu."

Niliamka kumekucha, Tumsifu ananivuta nywele. Hakuwa na homa. Nikafungua pindo la kanga, nikaitoa ile lagi, nikaisogeza dirishani, nikahesabu ncha za nyuzi. Nikahesabu tena kwa sauti, kama namfundisha mtoto.

Saba.

Ule nilioukata niliutupa kwa mkono wangu kwenye ndoo ya taka ya darasa. Leo jioni nitamwambia Mwalimu Kihwele, hata kama sijui nitaanzia wapi. Lakini kwanza nilimbeba Tumsifu, nikaenda kwa mama mwenye nyumba kuomba zile buti.

"Ah! Baba Tumsifu amerudi?"

"Bado," nikamwambia. "Ila yumo."