Rangi ya Kucha Kwenye Diski

Sikumwamini fundi Laurenti hata kabla hajaigusa mashine yangu. Alinipokea kwa shikamoo nzuri mno, akanifutia kiti, akaniagizia soda. Mtu anayekuagizia soda kabla hajajua shida yako ana lake jambo. Nikaitikia marahaba, soda nikaiacha mezani mpaka ikapata joto.

Watu husema Saleha ana roho ya shaka. Mimi nimekulia kwenye miaka ya foleni. Sabuni ya mgao ikija duka la kaya, unaweka kopo lako kwenye mstari, ukigeuka tu, kopo la mwenzio limeshakaa mbele ya lako. Siku hizi foleni hakuna, maduka yamejaa kila kitu, na pale Usagara kila kibaraza kimeota fundi. Lakini watu ni wale wale. Jirani yangu Praxeda alipeleka redio ikarudi tumbo tupu.

Laptopu yenyewe aliniachia kaka yangu Haidar, aliyekuja likizo kutoka Maskati. Alimkalisha mama uani kwetu Nguvumali, akamwekea maikrofoni, mama akaongea alasiri nzima: utoto wake kule Mtang'ata, ugomvi wake na mawifi, nyimbo za kumwogesha bi harusi. Katikati anasikika akinifokea mimi. Haidar akarudi kazini, na haukupita muda mrefu mama akafariki. Kanda hatukuwa nayo, wala nakala. Sauti yake ilikuwa humo tu, na kila Ijumaa nilikuwa naifungua nimsikilize. Ijumaa moja mashine ikagoma kuwaka. Kioo cheusi, na ndani inalia ka-ka-ka kama kuku anayetaka kutaga.

Kabla ya kuipeleka kwa fundi, nilifanya kile ambacho kila mwanamke wa kwetu hufanya akiazimisha vyombo vya shughuli: niliitia alama. Sahani zako ukizitia nukta ya rangi ya kucha chini yake, hata zikichanganyika na za ukoo mzima, zinarudi. Basi nikalegeza skrubu kwa kisu cha mezani, nikatia nukta nyekundu kila palipokuwa na nafasi. Diski, ambamo sauti ya mama imehifadhiwa, ndiyo niliyoiogopea zaidi, nikaitia nyingi.

"Mama, nani alifungua hii?" Laurenti aliuliza, ameinamisha taa.

"Kwa nini?"

"Ina rangi kwenye hivi vijisindano vya dhahabu. Hapa ndipo diski inaposhikana na mashine. Vimeziba."

"Ni alama yangu. Usije ukanibadilishia."

Sikuona haya, na mpaka leo sioni. Yeye akachukua spiriti na mswaki, akaanza kusugua. Nikasogeza kiti karibu. Alipoipeleka diski chumba cha nyuma, kwenye kompyuta yake kubwa, nikaingia naye.

Mafaili yakatokea. Moja lilikuwa na jina la mama, Kazija.

"Rangi imetoka," akasema Laurenti, "lakini diski yenyewe inakufa. Huo mlio ulikuwepo kabla ya rangi yako, sivyo?"

Nikajifanya natazama kioo.

"Inaweza kuwaka leo, kesho ikakata roho. Sauti ya mama yako nimeinakili hapa kwangu. CD tupu zimeniishia. Njoo kesho nikutolee."

Kesho! Neno hilo nililisikia sana duka la kaya. Halafu zile ni nyimbo za ndani, haziimbwi mbele ya wanaume wa nje. Sauti ya mama yangu, aliyejitanda maisha yake yote, ilale kwa mwanamume nisiyemjua, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge? Niliona tayari inauzwa kwenye kanda sokoni.

"Futa," nikasema.

"Mama, ngoja kwanza nikupe..."

"Futa nikiona."

Alinitazama kidogo, akabonyeza. Jina la Kazija likatoweka kwenye kioo. Akairudisha diski kwenye laptopu, ikawaka, nikaibeba nikatoka kifua mbele.

Jioni ile nilimsikiliza mama mpaka nikashiba. Asubuhi nikabonyeza tena: ka-ka-ka, halafu kimya. Hata mlio haukurudi. Nilikaa sakafuni nikalia kama siku ya msiba, maana mara hii nilimzika mimi mwenyewe.

Usagara kwa Laurenti sikurudi kwa kutumaini chochote. Nilikwenda kugombana.

"Umenibadilishia diski!"

Laurenti akaitoa, akaigeuza. Nukta zangu nyekundu za ubavuni zilikuwepo zote. Nikakaa.

"Mama," akasema bila kunitazama, "kwenye kompyuta kitu ukikifuta hakiondoki papo hapo. Kinaingia kwanza kwenye pipa la taka, humo humo ndani, kinakaa mpaka mwenyewe alimwage."

"Na wewe?"

"Sikulimwaga."

"Kwa hiyo jana ulinidanganya mbele ya macho yangu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Umesikiliza?"

"Mwanzo tu, nijue kama imesalimika. Alipoanza kuimba nikazima."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo. Kama ulikuwepo sikuuona, na bado najiuliza.

Akabonyeza. Ua wetu wote ukaingia mle chumbani, mlio wa ndoo, jogoo wa jirani, na mama akikatisha hadithi yake: "Saleha! Hebu mfukuze kuku huyo, anamnywea mgeni maji! Macho yako huyaweka wapi wewe?"

"Abee, mama," nikaitika kwa sauti, mbele ya fundi, na machozi yakanitoka.

Alinitolea CD mbili. Nilipotoa kichupa cha rangi mkobani, Laurenti akaruka: "Upande wa juu, mama! Juu tu!"

Nikazitia nukta zote mbili, upande wa juu. Moja nikaibeba. Ya pili nikamwachia yeye aniwekee.