Mfano wa Majina Matatu

Zhivka alibakiwa na mfano mmoja tu wa kusahihisha. Mwongozo mzima wa lugha ya kompyuta aliokuwa akiuhariri ulikuwa umepitwa na wakati, na mifano ya marehemu mumewe, Stamen, ndiyo iliyochakaa kuliko yote. Akaufungua mfano huo wa mwisho.

Orodha ya majina: Stamen, Zhivka, Kalina. Zamani amri ya kupunguza iliondoa jina la kwanza, na Stamen aliandika jibu mwenyewe, bila hata kuijaribu programu: Zhivka, Kalina. Wiki ile ile akafa. Sasa jina la binti yao, Kalina, alilijulia wapi, jamani? Mimba yenyewe Zhivka aliigundua baada ya mazishi!

"Umekwama, dada?" Radoslav, mwenzake wa kazi, alikuwa kwenye simu. Ndiye aliyemsimamia Kalina ubatizo. "Siku hizi amri inaondoa jina la mwisho. Endesha programu, bandika jibu, tukale."

Akaendesha. Jibu likatoka: Stamen, Zhivka.

Jikoni mtu akakohoa. "Zhivka, kahawa tayari!"

Miaka kumi na minne alikuwa hajaisikia sauti ile ya Stamen. Alitaka kukimbia akamkumbatie, lakini macho yakaangukia ukutani, palipotundikwa picha ya Kalina. Palibaki msumari mtupu.

"Rado, Kalina yuko wapi?"

"Kalina nani?"

"Acha utani! Mwanangu!"

"Dada, wewe na Stamen hamkujaliwa mtoto. Unaumwa?"

Akarudisha jibu la zamani. Jikoni hakukuwa na mtu tena. Picha ilikuwa imerudi ukutani.

"Kalina si yuko shule?" Radoslav akacheka. "Ila jibu hilo halikai. Saa saba mashine itaendesha mifano yote yenyewe na kufuta majibu ya zamani, upende usipende."

Aufute mfano mzima, wote watatu waende? Thubutu! Zhivka alilia kidogo, akafuta kamasi kwa mkono wa sweta, akayapanga majina upya: Stamen, Kalina, Zhivka. Akaendesha. Jibu likatoka: Stamen, Kalina.

Mlango ukafunguliwa. Kalina akatupa mkoba, akampita mama yake pale kitini bila kumwona.

"Baba, njaa inaniua!"

"Nawa mikono kwanza, mchafu wee."

Wakakaa mezani, sahani mbili, wakala kwa kelele na vicheko. Zhivka akasogea karibu, roho ikimuuma na kufurahi kwa pamoja.

"Baba," Kalina akasema, mdomo umejaa, "kwani mama alikuwaje?"

Stamen akafikiri sana.

"Unajua, mwanangu," akasema, "sikumbuki."