Mtihani wa Msamaria Mwema

Kwenye vilima vya Mizoram, shule ya Jumapili si ya watoto peke yao. Hata bibi mwenye wajukuu hufanya mtihani, na Pi Zailiani (Pi kwao ni kama Bi) alitaka kuwa wa kwanza safari hii, liwe liwalo. Somo lilikuwa Msamaria mwema, yule aliyemhudumia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ilhali kuhani na Mlawi walimpita. Zailiani alikuwa ameikariri habari hiyo mpaka akawa anaisimulia huku akichambua mboga.

Asubuhi ya mtihani akateleza kwenye ngazi za nyumba yake, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Watu wa nyumbani walishatangulia kanisani. Akaita wee, kichochoro kizima kimya. Aliyetokeza ni Pi Rozami wa nyumba ya chini, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu nguruwe wa Rozami afyeke majani yote ya haradali bustanini kwa Zailiani.

Afadhali angetokea mnyang'anyi, Zailiani akawaza.

"Umekaa hapo unafanya nini, mama? Mtihani unaanza!"

"Nenda zako. Napunga upepo."

"Na huo mguu nao unapunga upepo?"

Rozami akaingia kwake, akatoka na tenga la kuni, akalitua mbele yake. "Ingia."

"Mimi? Kwani mimi kuni?"

"Kuni hazina mdomo kama wako. Ingia basi, tunachelewa wote!"

Rozami akapitisha ukanda wa tenga kipajini, akalibeba mgongoni, akaanza kupanda mlima. Abiria wake, uso umeelekea nyuma, alitamani ardhi ipasuke. Bahati yake, ni mbwa tu waliowaona.

"Nguruwe wangu alikosea," Rozami akasema akihema. "Lakini mama, haradali yako ilimnenepesha!"

Zailiani alijikaza asicheke, akashindwa. Tenga likayumba.

"Tulia huko nyuma, nitakumwaga!"

Walifika wenzao wameshaanza. Rozami aliketi kuandika, jasho likimtiririka. Zailiani alijibu maswali bila kusita mpaka la mwisho: kati ya wale watatu, nani aliyekuwa jirani? Jibu alikuwa nalo wiki nzima. Lakini alipomtazama mwenzake akijifuta kipaji, ukanda umekiachia alama nyekundu, moyo ukamjaa. Akaandika: Rozami.

Msahihishaji, Pu Hrangkima (Pu ni Bwana), alitoka kijiji kingine, na hakumjua Rozami yeyote katika Biblia. Akatia kosa. Kwa alama hiyo moja Zailiani akawa wa pili. Wa kwanza akatangazwa Pi Rozami.

"Mama, nenda kawaambie umekosea tu kuandika," mwanawe akamnong'oneza baada ya kuiona karatasi yake. "Waambie ulitaka kusema Msamaria."

"Sikukosea," Zailiani akajibu, akaendelea kupiga makofi kuliko wote.