Uraka wa Jana

Cuthbert aliziba chupa ya uraka wa mabibo ya korosho kwa gunzi, akaitia kwenye mfuko wa koti, akamwita mwanawe Anderson. Wakatoka Mkunya asubuhi kwenda Masasi.

Anderson alikuwa amevuka Ruvuma jana jioni, baada ya miaka tisa Msumbiji. Mingi aliimaliza kwenye unga, heroini. Miwili ya mwisho alikunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila siku mbele ya muuguzi. Kliniki ya Pemba, ile ya Msumbiji, ilimpa dozi jana alfajiri, na barua ya kupokelewa Masasi. Akiikosa ya leo, arosto, mateso ya mwili uliokosa dawa, ingemshika, na njia ya kurudi kwenye unga aliijua bila kuonyeshwa.

Ndani ya basi alianza kupiga miayo. Makamasi yakamchuruzika.

"Kunywa kidogo," Cuthbert alisema.

"Baba, mimi pombe nimekatazwa."

"Pombe gani? Mabibo haya yamekamuliwa jana. Pombe ni ya siku tatu. Shangazi yako Witness kakukamulia mwenyewe. Usipoonja atasema umeshakuwa Mreno."

Anderson akacheka, akanywa nusu chupa.

Kliniki, muuguzi Selestina alimwamkia Cuthbert, akasoma barua, kisha akampa Anderson kifaa apulize. Akatazama namba.

"Umekunywa. Siwezi kukupa."

"Unga wenu mnampimia kwa kikombe," Cuthbert aliwaka, "halafu mnamnyima kwa maji ya bibo?"

"Si unga, baba, ni dawa. Lakini ikikutana na pombe, pumzi inaweza kukata. Atalala, asiamke."

Cuthbert alimtazama mwanawe.

"Nilimpa mimi," alisema. "Yeye alikataa."

Selestina hakumgombeza. Alipiga simu Pemba, akaweka sauti ya nje. Aliyepokea ni muuguzi Anjelina, mzaliwa wa Mueda, kwa Wamakonde wa Msumbiji. Salamu za Kireno zilimshinda Selestina palepale, wakahamia Kimakonde. Anjelina akathibitisha dozi: miligramu sabini, kama barua ilivyosema.

"Asubiri, apulize tena," Anjelina alisema. "Ikisoma sifuri, na daktari wako akikubali, mpe. Na huyo baba yake mwambie hata wazee wa huku ni hivyohivyo. Uraka wa jana kwao ni maji ya kunawia."

Wauguzi wakacheka. Cuthbert hakucheka. Alikuwa amefikiri mwanawe alipotelea nchi ya watu. Kumbe kule alikuwapo mtu aliyemjua hadi kipimo cha dawa yake, tena kwa lugha ya nyumbani.

Daktari alikubali. Wakangoja. Anderson alijikunyata kwenye benchi, jasho na baridi vyote vyake. Cuthbert akamfunika koti, akatoka na chupa, akaumwaga uraka wote nyuma ya choo. Saa nane namba ilikuwa imeshuka. Saa tisa bado kidogo. Kliniki hufungwa saa kumi.

Saa kumi kasorobo ilisoma sifuri. Anderson akanywa, akafungua kinywa, Selestina akaridhika kwamba amemeza.

"Na kesho?" Cuthbert aliuliza.

"Kesho, na kila siku. Tafuteni pa kulala hapahapa mjini."

Nje, Cuthbert alimpigia dada yake.

"Witness, leo haturudi. Huo uraka uliobaki nyumbani wagawie majirani. Hapana, hajawa Mreno. Mimi ndiye niliyekosea."