Sufuria ya Mia Nne

Nilipoisimulia habari hii mara ya kwanza nilisema ndoo ilikuwa moja, nikaumbuka, maana mwenye ndoo alikuwa amekaa nyuma yangu anakunywa chai. Zilikuwa mbili. Na asubuhi ile, mzee alipozifunua, maharagwe yalikuwa yamevimba mpaka yameinua vifuniko, yananing'aria macho kama watoto waliofanya utundu na wanangoja kuonwa. Yanamng'aria yeye, nilitaka kusema. Mimi sikuwepo.

Mzee alivirudisha vifuniko taratibu. Akangoja kidogo. Akavifunua tena. Maharagwe yalikuwa palepale.

Pale uani walimwita Mia Nne, kwa sababu kwa miaka ishirini na nane alikuwa mpishi wa shule ya bweni yenye wanafunzi mia nne, na tangu alipostaafu akahamia kwa binti yake, mkono wake ulikuwa haujapata habari ya kustaafu. Siku ya kwanza aliyoachiwa jiko alipika wali wa watu watano. Yeye mwenyewe aliuona kiduchu, akaomba radhi kabisa. Waliula siku tatu, mpaka mjukuu wa katikati akauliza kama ule wali una mwisho.

Lakini safari hii haikuwa ya kuchekea. Binti yake alikuwa kwenye majaribio katika karakana ya kushona mashuka, na msimamizi alitaka jibu kesho yake: afanye kazi siku nzima, au amwachie mwingine. Mumewe alikuwa mbali kwenye kazi za barabara. Siku nzima maana yake jiko liwe la baba. Kwa hiyo binti alinunua maharagwe ya mwezi, akayamimina kwenye kopo kubwa la rangi lililooshwa likatakata, na kwa ndani akachora mistari minne kwa kalamu ya wino mzito, kila wiki na mstari wake.

"Baba, maharagwe yakifuata mistari, mimi naenda kazini," alimwambia. "Yasipofuata narudi jikoni, na wewe unarudi kwenye kigoda chako."

Alilisema kwa upole, ila mzee alikijua kigoda kile. Kilikaa kando ya mlango, na kazi ya mtu aliyekikalia ilikuwa moja tu, kukunja miguu ili wengine wapite.

Wiki ya kwanza mstari ulifuatwa. Lakini jioni ya kuamkia asubuhi ile aliambiwa aloweke vikombe viwili. Wakati huo alikuwa anawasimulia wajukuu jinsi mtunza stoo wa shule alivyofukuzana na panya mpaka wote wawili wakaingia ndani ya gunia, basi mdomo ukasimulia, na mikono ikafanya kile ilichofanya maisha yake yote. Shuleni gunia likifunguliwa lilimalizwa siku hiyohiyo, maana nusu iliyobaki ilikuwa ya panya. Alimimina kopo lote. Tena kitaalamu, akagawa kwenye ndoo mbili ili yapate nafasi ya kuvimba.

Binti alitoka alfajiri bila kuona. Wajukuu walikwenda shule. Mzee akabaki na ndoo zake, na kopo lililobaki na mistari mitupu.

Jirani wa chumba cha tatu, Mama Pacha, alipokuja bombani alimkuta ameketi katikati ya ndoo, moja kulia, moja kushoto.

"Shikamoo, Babu. Ni msiba au harusi? Maana kote sijaambiwa."

"Marahaba. Nimejimaliza, mwanangu."

Akamweleza. Mama Pacha alicheka, akautazama uso wa mzee, akaacha. Akashauri yaanikwe juani. Mzee akatikisa kichwa: haragwe likishakunywa maji halirudi nyuma, litapasuka, litachacha, mwishowe litaota. Kuyapika yote alikuwa anaweza, lakini friji hawakuwa nayo, na hata familia ile ingekula asubuhi, mchana na jioni, siku ya tatu yangekuwa yananuka. Na mkaa wa kuyaivisha angeutoa wapi?

"Mkaa usiniambie," Mama Pacha akasema huku akikinga maji. "Mimi nina maharagwe kabatini huu mwezi wa pili, makavu vilevile nilivyoyanunua. Yanakula mkaa kuliko tunavyoyala sisi. Pacha wanashindia mkate na chai, na chakula kipo ndani."

Alisema kama watu wanavyolalamika bombani, bila kutarajia jibu. Lakini mzee alikwisha simama.

Nyuma ya mlango wa chumba ilikuwepo sufuria. Shule ilimpa siku ya kumuaga, pamoja na upawa wake, na hapakuwa na jiko pale mtaani la kuibeba. Binti alihifadhia mablanketi ndani yake, na kila alipojikwaa kidole aliahidi kuiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Mzee akayatoa mablanketi, akayakunja vizuri juu ya kitanda, akaiviringisha sufuria mpaka uani ikipiga kelele kama treni.

Masharti aliyatoa mwenyewe. Lete kikombe kimoja cha makavu, chukua viwili na nusu vilivyoiva.

"Hapo unatuonea huruma au unatuibia?" Mama Pacha akauliza.

"Yakilowa na kuiva yanaongezeka. Nimeyapima miaka ishirini na nane. Hakuna anayemwibia mwenzake hapo isipokuwa maji."

Seremala wa ng'ambo ya barabara alitoa vipande vya mbao alivyokuwa anavitupa, akasema malipo yake yawe bakuli. Mzee alipanga mawe matatu makubwa. Aliyamwaga maji ya kulowekea, akayaosha maharagwe mara mbili, akatia maji mapya, na moto uliposhika akapanda juu ya kigoda chake ili aone ndani. Aliengua povu mpaka likaisha. Maji yalipopungua aliongeza ya moto, kamwe si ya baridi, maana ya baridi hulishtua haragwe likanuna. Chumvi aliiweka mbali kabisa, isije ikakaribia kabla ngozi haijalainika. Kitunguu alikikaanga pembeni kwenye kikaango cha binti yake, mafuta kijiko kimoja, na hicho ndicho kilichofanya kazi ya mpiga mbiu.

Maana yalipoiva, saa ya kwanza alikuja Mama Pacha peke yake. Ya pili hakuja mtu, na mzee alianza kuzitazama ndoo tupu kama mtu anayetazama barabara. Kisha harufu ikapanda ukutani na kuingia uani kwa jirani, na kila aliyeuliza Mama Pacha alimweleza masharti. Akaja mama mwenye mimba, mkono kiunoni, na maharagwe meupe. Akaja mwalimu na ya njano. Wakaja wengine na ya madoadoa, kwenye mifuko, kwenye kofia, kwenye birika. Mzee alipokea makavu kwa mkono wa kushoto, akayatupa kwenye kopo, akachota kwa wa kulia. Hakupima mara mbili. Upawa ulizama, ukapanda, ukamwaga, na kila bakuli lilijaa sawa na la jirani yake. Hakuna aliyenung'unika. Tangu astaafu, hiyo ilikuwa siku ya kwanza mkono wake kukutana na sufuria ya saizi yake.

Wa mwisho alikuwa fundi viatu, mseja, ambaye asubuhi alikuwa amepita akicheka na kumuuliza kama shule imehamia hapa. Sasa alisimama na boksi la viatu mkononi.

"Haya ni ya lini?" mzee akauliza, aking'ata haragwe moja.

"Niliyakuta chumbani nilipohamia."

Mzee akayatazama, akatazama kopo, akayamimina. Akampa kipimo kilekile.

Chini ya sufuria palibaki chakula cha watu watano. Kwenye kopo maharagwe yalikuwa yameukaribia mstari wa tatu kutoka chini, kasoro vikombe viwili. Mzee akasawazisha juu kwa kiganja. Vikombe viwili, hasa vile alivyoambiwa aloweke.

Binti alirudi jua limeegemea paa la seremala. Aliyaona mablanketi kitandani, akaiona sufuria uani imelazwa kifudifudi ikichuruzika maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo, kama kila jioni, akalifunua kama anayemchungulia mgonjwa.

"Baba. Mimi nilinunua mekundu."

Ndani yalikuwepo mekundu machache, meupe, ya njano, ya madoadoa, na mengine ya rangi ambayo labda haina jina. Mzee akamweleza yote, kuanzia panya wa stoo. Hakuficha hata ndoo ya pili. Binti alisikiliza mkono ukiwa ndani ya kopo, akiyachota na kuyaachia. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mzee akashusha macho, mpaka alipogundua kwamba ni kicheko.

"Mama Pacha kanisimamisha hapo mlangoni," akasema akijifuta macho. "Eti wanataka kujua Jumamosi utawasha moto saa ngapi. Namuuliza moto gani, anacheka tu." Akalifunika kopo, akaligonga mara mbili kwa kiganja. "Kesho namwambia msimamizi nakubali."

Walikaa mkekani. Binti alipakua, watoto wakasogea mpaka magoti yakagusana, na maharagwe yakateremka laini, na kitunguu juu. Kigoda kilibaki nje kando ya mawe, kina masizi, hakuna aliyekikumbuka.

"Nina ombi moja," mzee akasema. "Nikiloweka tena, mtu mmoja akae pembeni yangu anihesabie. Vikombe viwili. Na asiniache nisimulie."

Vijiko viliendelea kugonga sahani.